Je, Wajua? Mkalimani Mvivu wa Lugha za Safu

Lugha nyingi za kompyuta humtaka mwandishi ashughulikie namba moja baada ya nyingine: chukua ya kwanza, ijumlishe, nenda ya pili, rudia mpaka mwisho. Lugha za safu, yaani za orodha na majedwali ya namba, hazina subira hiyo. Humo unaandika A+B, na kama A na B ni orodha zenye namba milioni moja kila moja, zote zinajumlishwa kwa amri hiyo hiyo fupi. Ukoo huu ulianza na APL, ukazaa J, K, q na BQN, na damu yake imo pia katika NumPy, maktaba ya Python ambayo mwanafunzi wa uchambuzi wa data, awe Dodoma, Nairobi au Kampala, hukutana nayo mapema kabisa.

Mistari ya lugha hizi husomwa na mkalimani, yaani programu inayopokea maandishi ya mwanaprogramu na kuyatekeleza papo hapo. Ungetarajia mkalimani atii neno kwa neno. Mara nyingi hatii. Akiona fungu la alama alilolizoea anakata njia, na kukuletea jibu lile lile bila kupita ulikomwambia apite.

Kugeuza bila kugeuza

Je, wajua kwamba katika Dyalog APL, alama ⊃⌽ zikiwekwa mbele ya orodha zina maana ya "geuza orodha yote, kisha nipe cha kwanza"? Ndivyo watumiaji wa APL walivyozoea kuomba kitu cha mwisho. Ukiifuata amri kama ilivyo, unageuza foleni nzima ya abiria kituoni ili umjue tu aliye nyuma kabisa. Mkalimani wa Dyalog huzisoma alama hizo mbili kama neno moja, akaenda moja kwa moja mwishoni mwa orodha na kurudi na jibu. Orodha iwe na namba 10 au milioni 10, hakuna cha kusubiri.

Ugumu hauko kwenye njia ya mkato yenyewe, uko pembeni mwake. Orodha tupu ikigeuzwa hubaki tupu, na kwa kanuni za APL cha kwanza cha orodha tupu ya namba ni 0, na cha maandishi matupu ni nafasi wazi. Njia ya mkato lazima itoe majibu hayo hayo, la sivyo programu iliyokuwa sahihi jana itakosea leo kwa sababu tu mkalimani ameongezewa werevu.

Waliokusanya nahau

Mafungu haya ya alama huitwa nahau, na yana wakusanyaji wake. Mwaka 1977 Alan Perlis, mtu wa kwanza kabisa kupewa Tuzo ya Turing (1966), alitoa pamoja na Spencer Rugaber, katika Chuo Kikuu cha Yale, orodha ya nahau za APL. Watumiaji wa APL wa Ufini nao walikusanya mamia yake katika mkusanyo uitwao FinnAPL Idiom Library. Kwa mwanafunzi, orodha hizo ni kitabu cha kujifunzia. Kwa mtengenezaji wa mkalimani zina faida nyingine: zinamwonyesha watu wanaandika nini kila siku, naye akajua pa kuchimba njia za mkato.

Dyalog, kampuni ya Uingereza ambayo APL yake ilianza kutoka mwaka 1983, huchapisha katika hati zake orodha rasmi ya nahau inazozitambua. Mojawapo ni +/∧\' '= ambayo huhesabu nafasi wazi zilizo mwanzoni mwa maandishi. Isome polepole kutoka kulia. Kwanza, linganisha kila herufi na nafasi wazi, upate 1 palipo wazi na 0 pasipo wazi. Pili, pita tena kuanzia kushoto, na ukishakutana na 0 ya kwanza, zote zinazofuata zigeuze kuwa 0. Tatu, jumlisha zilizobaki. Ni safari tatu juu ya maandishi yote, na orodha mbili za muda zinazotengenezwa ili zitupwe. Mkalimani anayeijua nahau hii huhesabu kutoka mwanzo na kusimama kwenye herufi ya kwanza isiyo wazi. Kama maandishi yana herufi milioni moja na nafasi 5 tu mwanzoni, hatazami zaidi ya herufi 6.

Nahau nyingine, B/⍳⍴B, hutafuta ni wapi ndani ya orodha B ya 0 na 1 pana 1. Maagizo yake yanasema: hesabu urefu wa B, tengeneza orodha ya namba kutoka mwanzo hadi urefu huo, kisha chuja ubakize zile zilizo sambamba na 1. Hii ilipandishwa cheo. Toleo la Dyalog 16.0, la mwaka 2017, liliipa kazi hiyo alama yake yenyewe, ⍸. Katika K alama ya kazi hiyo ni &, na katika J ni I. (pamoja na nukta yake). Ndivyo nahau nyingine zinavyoishia: zinatumika sana hadi zinakoma kuwa nahau.

Hesabu isiyo na vipaumbele

Muulize mtoto wa darasa la tano 3×4+5 atakwambia 17. APL itakwambia 27. Humo hakuna sheria ya kuzidisha kabla ya kujumlisha. Kila alama huchukua kila kilicho kulia kwake, basi. Wengi huikasirikia kanuni hii siku ya kwanza. Mimi naiona ya haki kuliko ile ya shuleni, kwa kuwa APL ina alama nyingi mno kwa mtu yeyote kukumbuka jedwali la vipaumbele, na mkalimani naye amepunguziwa kazi.

Ilianzia ubaoni

Je, wajua kwamba APL haikubuniwa ili iendeshwe na kompyuta? Kenneth Iverson, Mkanada aliyezaliwa mwaka 1920 huko Camrose, jimbo la Alberta, aliitunga miaka ya 1950 akiwa Harvard kama namna ya kuandika hisabati vizuri zaidi. Alihamia IBM, na mwaka 1962 akachapisha kitabu A Programming Language, ambacho herufi zake za kwanza ndizo jina la lugha. Mkalimani aliyeieneza, APL\360, aliandikwa na Larry Breed, Dick Lathwell na Roger Moore. Wapenzi wa APL huhesabu tarehe 27 Novemba 1966 kuwa siku ya kuzaliwa kwake. Kwa kuwa alama zake hazikuwamo kwenye mashine za kuchapa, IBM ilitengeneza tufe la kuchapia lenye alama za APL, lililopachikwa mahali pa lile la kawaida. Iverson alipata Tuzo ya Turing mwaka 1979.

Mtasnifu aliyetangulia wakati wake

Mwaka 1970, katika Chuo Kikuu cha Stanford, Philip Abrams aliwasilisha tasnifu iitwayo An APL Machine. Huyu hakuwa mgeni: mwaka 1965 yeye na Breed walikuwa wameandika mkalimani wa awali wa mfumo wa alama wa Iverson, kwenye kompyuta ya IBM 7090. Tasnifu ilikuwa na mawazo mawili ambayo hadi leo wakalimani wanaendelea kufaidika nayo.

La kwanza linahusu amri zinazobadilisha umbo tu: geuza, pindua jedwali, chukua mwanzo, acha mwisho. Abrams alisema usiguse data. Kila safu ina maelezo mafupi yanayosema inaanzia wapi kwenye kumbukumbu na unaruka hatua ngapi kufikia namba inayofuata. Kugeuza orodha ni kuhamisha mwanzo uwe mwishoni na kuifanya hatua iwe hasi. Kupindua jedwali ni kubadilishana hatua za safu mlalo na za safu wima. Namba zenyewe hazisogei hata kidogo.

Fungua NumPy leo, tengeneza jedwali la 1000 kwa 1000 lenye namba za baiti 8, yaani baiti milioni 8, kisha lipindue kwa .T. Jibu linakuja mara moja, maana hakuna kilichonakiliwa. Uhodari huo una bei yake: ukibadilisha namba ndani ya jedwali lililopinduliwa, lile la asili nalo linabadilika, kwa sababu ni data ile ile inayotazamwa kwa upande mwingine. Wanaoanza huona ni hitilafu. Sivyo, ila onyo lilipaswa kuandikwa kwa herufi kubwa zaidi.

Wazo la pili la Abrams ni kuahirisha. Usihesabu A+B×C hapo hapo. Beba fomula hiyo kama ilivyo mpaka mtu atakapohitaji jibu. Huenda atataka namba 3 za mwanzo tu, na hapo utahesabu hizo 3.

Orodha ya milioni kwa namba tatu

Katika APL, ⍳1000000 ni orodha ya namba zote kuanzia 1 hadi milioni moja. Wakalimani kadhaa, APL2 ya IBM na NARS2000 wakiwemo, hawaitengenezi. Huandika mambo matatu tu: inaanzia wapi, inaongezeka kwa kiasi gani, ziko ngapi. Ukizidisha orodha hiyo kwa 3 na kuongeza 5, bado ni mfululizo wa hatua sawa, na bado maelezo matatu yanatosha.

Bilioni mia tano zilizookolewa

Alama +\ hutoa jumla inayoendelea kukua: 2 5 1 inakuwa 2 7 8. Kwa fasili yake rasmi, kila jibu ni jumla ya vyote hadi hapo, inayohesabiwa upya kutoka mwanzo. Kwa namba milioni moja, fasili hiyo inadai mara 499,999,500,000 za kujumlisha. Kila mkalimani mwenye akili hubeba jumla iliyopita na kuongeza namba moja, akamaliza kwa mara 999,999.

Kutoa, -\, ni mtihani zaidi. APL huhesabu kutoka kulia, kwa hiyo a-b-c-d maana yake ni a-(b-(c-d)), yaani a-b+c-d kwa hesabu ya shuleni. Huwezi tu kubeba jibu lililopita na kutoa namba inayofuata. Lakini ukizitazama ishara utaona zinapokezana, kutoa, kujumlisha, kutoa, na mkalimani akiligundua hilo naye anamaliza kwa safari moja. Napenda mfano huu kuliko mingine yote hapa, kwa sababu njia ya mkato haikutoka kwenye umeme wala chuma. Imetoka kwenye hisabati ya kidato cha kwanza. Kwa namba za desimali kuna tahadhari: kompyuta hukadiria tarakimu za mwisho, na kubadili mpangilio wa kujumlisha kunaweza kubadili tarakimu hizo.

Majibu 64 kwa pigo moja

Ndiyo au siyo inahitaji biti moja tu. APL\360 ilizihifadhi hivyo tangu mwanzo, uamuzi wa Breed, wakati lugha nyingi hadi leo hutumia baiti nzima au zaidi. Majibu milioni moja ya ndiyo na siyo yanakaa ndani ya baiti 125,000. Kwa namba za biti 64 yangechukua baiti milioni 8.

Nafasi ni nusu ya faida. Prosesa ya biti 64 hushika majibu 64 kwa mkupuo, hivyo "na", "au" na "siyo" hufanyika kwa 64 kwa wakati mmoja. Kuhesabu ni ngapi za ndiyo, +/B, hutumia amri ya prosesa inayohesabu biti zenye 1. Na ∧/B, inayouliza kama zote ni ndiyo, husimama kwenye fungu la kwanza lililo na 0. Kugeuza orodha ya biti ndiko kunakohitaji ujanja: geuza kwanza mpangilio wa baiti, kisha kila baiti ibadilishe kwa kuitazama kwenye jedwali la majibu 256 yaliyotayarishwa mapema.

Kutoka tarakimu laki nne hadi moja

J ilizaliwa mwaka 1990 mikononi mwa Iverson na Roger Hui, mzaliwa wa Hong Kong aliyekulia Kanada na kufariki mwaka 2021. Kamusi rasmi ya lugha hiyo ina kiambatisho kizima kinachoorodhesha mafungu yenye matibabu maalumu, na ndani yake mna vito.

Chukua 10&|@^ ambalo maana yake ni "pandisha kipeo, kisha toa baki baada ya kugawa kwa 10". Lipe 3 na 1000000. Kwa utii kamili, mkalimani angehesabu 3 kwa kipeo cha milioni moja, namba yenye tarakimu 477,122, kisha aitupe yote abakize tarakimu ya mwisho. Mkalimani wa J huona mambo hayo mawili yameunganishwa, hivyo hutoa baki kila anapozidisha, na kwa kuzidisha mara zisizofika 30 ana jibu: 1. Hesabu ya aina hii ndiyo iliyo kwenye moyo wa usimbaji wa RSA.

Lingine ni i.&1@:> linalotafuta mahali pa kwanza ambapo namba moja imezidi mwenzake. Bila nahau, orodha nzima hulinganishwa kwanza, kisha jibu hutafutwa. Ukiandika hivi, J hulinganisha na kutafuta kwa pamoja, ikasimama ilipopata.

Na ukiandika a=: a,x ili kuongeza kitu mwishoni mwa a, J hutazama kama kuna jina jingine linaloshikilia orodha ile. Kama hakuna, haiinakili. Inaongeza palepale, maana hugawa kumbukumbu kwa vipande vya ukubwa wa 2, 4, 8, 16 na kuendelea, kwa hiyo mara nyingi nafasi ipo. Kuongeza vitu 100,000 kimoja kimoja kwa kunakili kila mara kungehamisha karibu vitu bilioni 5.

Ukurasa mmoja, alasiri moja

Je, wajua kwamba J ilichipuka kutoka ukurasa mmoja? Mwishoni mwa wiki moja ya kiangazi cha 1989, Arthur Whitney alimtembelea Iverson nyumbani kwake Kiln Farm, akaandika alasiri hiyo mkalimani mdogo wa ukurasa mmoja wa lugha ya C. Hui aliusoma ukurasa huo na kuanza kazi yake. Whitney naye alitengeneza K, kisha hifadhidata ya kdb iliyoshika mizizi katika mabenki yanayofuatilia bei za hisa.

Katika kdb+, toleo lake la baadaye, mtumiaji anaweza kumwambia mkalimani jambo analolijua kuhusu data yake. Alama ya `s# mbele ya orodha inasema imepangwa kwa mfuatano, na hapo kutafuta kitu kati ya milioni moja huhitaji ulinganisho wa takriban mara 20 tu. `u# inasema hakuna kinachojirudia. Hapa mkalimani habahatishi kwa kutazama nahau, ameambiwa.

Python nayo

NumPy ilichelewa kujifunza. Zamani, ukiandika a*b+c+d kwa safu za namba milioni 10, kila hatua ya kati ilihitaji safu mpya ya megabaiti 80. Tangu toleo la 1.13 la mwaka 2017, kwenye mifumo kama Linux, ikiwa safu ya kati haina jina wala mmiliki mwingine na ukubwa wake umevuka kiwango fulani, NumPy huitumia tena hiyo hiyo kuwekea jibu linalofuata. Ukiipa safu ya kati jina, kwa mfano t = a*b, umeizuia: t inaweza kuhitajika baadaye, haiguswi.

Hapo ndipo udhaifu wa mchezo wote ulipo. Nahau hutambuliwa kwa sura yake. Ikate vipande viwili kwenye mistari miwili, ingiza jina katikati, au iandike kwa mtindo wako wa pekee, na mkalimani atakutii kikamilifu, yaani polepole. Programu mbili zenye jibu moja zinaweza kupishana mno kwa kasi, na msomaji asiyejua orodha ya nahau hawezi kuona sababu kwa kuitazama tu. Hiyo ni kasoro halisi, na wapenzi wa lugha hizi huipuuza kirahisi mno. Hata hivyo, kwa hukumu yangu, biashara hii inalipa: anayeandika kama wenzake wanavyoandika hupata kasi bila kuiomba.

Kama hukubaliani, pima. IPython ina %timeit, Dyalog ina ]runtime, na J ina 6!:2. J na BQN zinapatikana bure, na BQN unaweza kuijaribu kwenye kivinjari bila kusakinisha chochote. Andika nahau moja ya kutafuta kitu cha kwanza kinachozidi kingine, ivunje vipande viwili, na ulinganishe mwenyewe muda wa kila namna.